Rafadha ya Kulsumbai

Ijumaa, 2 Septemba 1955

Mwanakheir anarudi! Dada yangu, Bi Khamisa, kaileta habari pamoja na chai ya asubuhi. Chai ikanipalia. Dada akanipiga mgongoni na kuniuliza nina umri gani. Nikamjibu arubaini na sita. Akasema basi nimeze kama mtu wa arubaini na sita.

Mumewe wa Mombasa kafariki mwaka juzi. Watoto wameshaoa na kuolewa. Anakuja kukaa Kiponda, nyumba ya marehemu baba yake, ile yenye mlango wa njumu za shaba. Meli yake inatia nanga Jumapili ya tarehe kumi na moja.

Miaka ishirini na nne! Mwaka 1931 mimi ndiye niliyempeleka melini kwenda kuolewa. Nilikuwa kijana, nahodha wa motaboti Kulsumbai, chombo cha baba yake tajiri wangu Bwana Anwarali, kilichopewa jina la mama yake Anwarali. Mwanakheir kakaa mbele na mashangazi zake, buibui jipya, linanukia udi. Kutoka ngazi za Forodhani mpaka melini ni dakika kumi na mbili. Maneno ya kumwambia nilikuwa nayo, nimeyahifadhi wiki nzima. Zikapita dakika kumi na mbili. Nikasema maneno mawili tu: "Ngazi inateleza."

Akashika kamba, akapanda, akaenda zake.

Basi nimeamua. Aliyempeleka ndiye atakayemrudisha, na kwa chombo kile kile.

Tatizo dogo. Siku hizi mimi si nahodha, ni karani wa ghala la mbata la Anwarali. Kulsumbai imefungwa kwenye gudi la Pyarali, pale vyombo vinapotengenezwa, kule Funguni, inangoja kupakwa rangi. Na Anwarali, kabla ya kwenda Mombasa kumtazama binti yake Parin aliyejifungua, kaninyooshea kidole: "Msabah, kutazama tazama. Mashine usiguse."

Sijagusa. Bado.

Jumamosi, 3 Septemba

Nimekwenda gudini "kutazama". Harufu ile ile ya sifa, yale mafuta ya papa ya kupakia vyombo, na lami, nikajiona kijana. Zamani hapa tulikuwa tunaruka majini na Anwarali mwenyewe, mtoto wa tajiri na mtoto wa mpakuzi wa mizigo bandarini, tunatoka tumefanana, weupe kwa chumvi. Bibi Kulsumbai alikuwa akitungoja na mkate wa ufuta. Akitugawia sawasawa, halafu anatukaripia sawasawa.

Msimamizi wa gudi ni Shaame. Tulisoma chuo kimoja, jamvi moja, juzuu moja. Kusoma hakuwahi kuweza, mimi ndiye niliyekuwa nikimnong'oneza. Mtu mwema, lakini mwaka 1931, wiki ile Mwanakheir alipoposwa, kalala na homa siku tatu. Homa gani ile? Sikuwahi kumuuliza.

Leo kanisalimu vizuri. Ndevu kazichonga. Kanzu imepigwa pasi. Gudini, kwenye lami! Nikamuuliza kuna nini. Akasema hakuna kitu, joto tu.

Joto! Huyu kashasikia habari.

Jumatatu, 5 Septemba

Ole wangu.

Nilifikiri vizuri, Mungu ni shahidi. Mtu hawezi kushika usukani baada ya miaka mingi bila kufanya mazoezi. Nikangoja adhana ya adhuhuri. Shaame na mafundi wote wakaenda msikitini. Mimi nikaingia Kulsumbai, niizungushe mara moja tu mbele ya gati, kisha niende nikasali nikiwa mtu mwenye furaha.

Kamba ya mbele nikaifungua. Mashine ikakohoa, ikanguruma. Sauti ile! Nilitaka kulia. Nikatia gia.

Kamba ya nyuma nilikuwa nimeisahau.

Ilikuwa imelegea majini, mfano wa nyoka aliyelala. Rafadha, lile pangaboi la chuma linalosukuma chombo, ikaikamata na kujiviringishia. Kulsumbai ikavutwa kinyumenyume kama mbuzi anayepelekwa kuchinjwa, ikagonga ngazi ya mawe. Ngwaa! Mashine ikazima yenyewe. Kukawa kimya. Kunguru mmoja juu ya paa kanitazama.

Nikaikata kamba, nikaufunga mwisho wake, nikajipangusa, nikaenda msikitini. Nikawakuta wanatoka.

Alasiri maji yakapwa na kila kitu kikawa wazi. Bawa moja la rafadha limevunjika. Mtaimbo unaotoka kwenye mashine kwenda kwenye rafadha umepinda kama kidole cha ajuza. Shaame kasimama kwenye tope anatazama, mikono kiunoni. Nikamuuliza, kwa sauti ya mshangao, nani kafanya haya. Akanitazama mimi, akaitazama kamba, akasema hajui. Chombo kimeharibika ndani ya gudi, akasema, na gudi liko juu yake. Pyarali akijua, kazi hana.

Sikupenda sura yake aliposema hivyo. Lakini sikusema kitu. Ni ugonjwa wangu wa tangu zamani.

Jumanne, 6 Septemba

Sikulala vizuri. Lakini asubuhi akili ilikuja.

Kama chombo kimeharibika gudini, basi kosa ni la gudi. Ndiyo desturi, ukiweka ng'ombe wako kwenye zizi la mtu. Kwa hiyo nimeandika barua kwa Pyarali, bila jina, kwa mkono wa kushoto, kwa hati za Kiarabu. Nimesema msimamizi wake ni mvivu, ni mzembe, hafungi kamba sawasawa, na mchana analala. Hilo la kulala nimelizidisha. Nikaisukuma chini ya mlango wa ofisi ya gudi, nikanunua urojo, nikampa paka.

Halafu nikamwendea Fundi Matar wa Mwembetanga. Hodari wa vyuma kuliko wote, na hapendi maneno mengi. Kautazama mtaimbo, akaushusha na rafadha yake, akasema atautia motoni na kuunyoosha mpaka Alhamisi. Rafadha haiwezi. Bawa limekwenda. Nitafute nyingine.

Jumatano, 7 Septemba

Siku mbaya kuliko Jumatatu. Sikudhani iko.

Shaame kaja ghalani, bahasha mkononi. Akakaa juu ya gunia la mbata. Akasema Pyarali kapata barua ya hati za Kiarabu, na yeye anasoma Kigujarati na Kiingereza tu, basi kampa yeye atafute wa kumsomea. "Nikasema nani tena? Msabah. Tangu chuoni wewe ndiye macho yangu."

Akanipa. Barua yangu mwenyewe!

Nikakohoa. Nikaanza. "Bwana Pyarali, nakuarifu kuwa msimamizi wako Shaame ni mvi..."

"Ni mvi nini?" akauliza.

"Mvumilivu," nikasema. Jasho. "Mvumilivu sana. Kamba anazifunga sawasawa. Mchana halali."

Akasogea, akaweka kidole kwenye karatasi. "Na hapa, penye wino mzito?"

Pameandikwa mzembe. "Mze... mzee mwema," nikasema. "Anakuita mzee mwema."

Shaame akaikunja barua taratibu. Akasema hajui nani kamwandikia maneno mazuri hivyo. Miaka kumi na tisa yuko gudini, hakuna aliyemwambia ahsante. Kaomba nimwandikie majibu huyo mtu asiyejulikana. Nikaandika. Kanitajia neno kwa neno: Mungu amlipe, na kama ana shida yoyote asione haya, aje amwambie.

Kisha akakunjua kitambaa, akatoa kipande cha halua, akaniachia. Nimekila chote. Kilikuwa kitamu kuliko nilivyostahili.

Alhamisi, 8 Septemba

Nimepata rafadha! Kwa muuza vyuma vikuukuu Darajani. Alikuwa akiizuilia mlango. Shaba tupu, mabawa matatu mazima, na kipimo sawa. Nimepima kwa shubiri. Hakutaka pesa. Alitaka gramafoni yangu. Keshaisikia mara nyingi akipita chini ya dirisha letu.

Nilikaa nayo kidogo kabla ya kuipeleka. Niliinunua mwaka 1930, kwa mshahara wa kwanza. Jioni nilikuwa naiweka dirishani, na nyumba ya Mwanakheir ilikuwa uchochoro wa pili. Nikiipiga, taa ya juu kwao inawashwa. Labda walikuwa wanawasha taa kwa sababu ya giza. Sijui. Mimi nilijiambia kwa sababu ya gramafoni.

Nimeipa sindano mpya, nikaipeleka.

Bi Khamisa kauliza iko wapi. Nikasema inatengenezwa. Akasema na mimi nipelekwe huko huko nikatengenezwe.

Ijumaa, 9 Septemba

Matar kaurudisha mtaimbo, umenyooka kama alifu. Tumeutia kwenye chombo asubuhi na mapema, maji yamekupwa, Shaame katusaidia kubeba bila kuuliza. Nikatoa rafadha yangu kwenye gunia, kwa fahari.

Matar kaigeuza mara mbili. Akaniuliza hii inazunguka upande gani. Nikamwambia, fundi, kitu cha duara kinazunguka pande zote. Hakucheka. Anakwenda Matemwe harusini kwa mpwawe, atarudi Jumatatu. Kasema nisiifunge mpaka aje aithibitishe.

Jumatatu! Meli Jumapili! Mafundi wana raha zao.

Jumamosi, 10 Septemba

Nimeifunga mwenyewe. Matope mpaka kiunoni. Imeingia kama pete kidoleni. Kama ingekuwa na kasoro, ingeingia hivyo?

Kujaribu sikuweza, maji yalichelewa kujaa. Badala yake nimeifuta Kulsumbai, nimesugua jina lake mpaka shaba inang'aa. Nimetafuta kofia yangu ya nahodha sandukuni. Nondo wameila upande mmoja. Upande wa pili ni mzuri.

Nimehifadhi maneno tena. Safari hii ni mafupi, yasinikimbie.

Jumapili, 11 Septemba

Naandika polepole, nisiruke kitu.

Saa tatu asubuhi meli ikatia nanga. Kanzu nyeupe, kofia, marashi. Shaame hakuwepo, nikasema alhamdulillahi. Nikafungua kamba ya mbele. Nikafungua ya nyuma! Nikawasha. Nikatia gia ya mbele.

Kulsumbai ikaenda nyuma.

Nikatoa gia. Nikatia tena, pole, kama unavyombembeleza punda. Nyuma tena, na kwa kasi. Gia ya kurudi nyuma, ambayo sasa ingenipeleka mbele, ilikufa tangu wakati wa vita, kwa hiyo mbele hakuna kabisa. Sasa ndiyo nimefahamu swali la Matar. Rafadha zina mkono wa kulia na wa kushoto, kama watu. Hii ni ya kushoto. Mashine ikisema nenda, yenyewe inasema rudi.

Mtu mwingine angefunga kamba na kwenda nyumbani. Mimi nikatazama saa, nikaitazama meli, nikageuza shingo, nikaenda hivyo hivyo. Kinyumenyume. Kutoka Funguni, mbele ya Malindi, mbele ya Mizingani. Usukani unakataa, ukiugeuza kulia chombo kinafikiri kwanza. Pwani watu wakaanza kukusanyika. Muuza kahawa kasimama, mabuli mkononi. Mvuvi mmoja kaniuliza nimesahau nini nyumbani.

Nikafika melini, makalio ya chombo mbele. Abiria wamejaa ukingoni, wanacheka. Nikainua macho kumtafuta Mwanakheir. Nikamwona. Na ubavuni pake, kofia nyekundu ya tarbushi, uso wa mtu niliyedhani bado yuko Mombasa.

"Msabah!" Anwarali kapiga kelele, meli nzima ikasikia. "Mbona mama yangu anakwenda kinyumenyume?"

Nikainamia usukani.

Wakashuka wote wawili. Anwarali kwanza, tarbushi kaivua kwa hasira. Kisha Mwanakheir. Kanenepa kidogo, mvi mbili tatu zinachungulia kwenye mtandio, macho yale yale. Akaweka mguu kwenye ngazi. Mdomo wangu ukafunguka. Maneno yote niliyohifadhi yakatawanyika, likabaki lile lile.

"Ngazi inateleza," nikasema.

Akanitazama. Akasema, "Ishakauka siku nyingi, Msabah. Wewe tu hujaangalia."

Anwarali akaushika usukani mwenyewe. Akatia gia, chombo kikaruka nyuma, kikaupiga mnyororo wa nanga ya meli, mtaimbo ukalia, ukapinda upya, mashine ikafa. Tukaelea. Mkondo unatupeleka Chapwani. Mwanakheir kajishikia kikapu chake.

Ndipo mashua ikaja, makasia yanapiga. Shaame! Alikuwa kule ngazi za Forodhani tangu alfajiri, na yeye kanzu, na yeye marashi. Alikuja kumpokea kwa makasia. Akatufunga kamba, akaanza kutuvuta. Mtu wa arubaini na sita, peke yake, anavuta motaboti na watu watatu.

Hapo Anwarali akauliza. Nani kakiharibu chombo cha mama yake?

"Mimi," kasema Shaame kutoka kwenye mashua, bila kugeuka. "Nilifunga kamba vibaya, Bwana Anwarali. Ilikuwa gudini kwangu, kosa langu."

Njia ilifunguliwa! Nilihitaji kunyamaza tu, na kunyamaza ndiyo kazi yangu. Zile dakika kumi na mbili mpaka pwani, kwa makasia zimekuwa saa nzima. Nikamwona Mwanakheir anamtazama Shaame, mgongo umelowa jasho. Nikazikumbuka bakora za chuoni, mwalimu akiuliza nani kapasua ubao, na Shaame anasimama. Nilikuwa nimesahau. Ni mimi niliyekuwa nikiupasua.

"Mwongo huyo," nikasema. Sauti ikatoka nyembamba. "Kamba ilifungwa vizuri. Mimi nimewasha mashine, mimi nimeisahau kamba, mimi nimeivunja rafadha. Na rafadha hii ya kushoto nimeitia mimi. Na barua nimeandika mimi."

"Barua gani?" kauliza Anwarali.

"Ile niliyosomewa," kasema Shaame. Sasa kageuka, anacheka. "Mvumilivu. Mzee mwema."

Nikamuuliza tangu lini anajua kusoma.

"Tangu chuoni. Ila ukisoma wewe kwa ajili yangu, ukikosea unapigwa wewe. Na Jumatatu ile nilirudi gudini kuchukua makubadhi, nikakuona. Nikangoja useme. Barua nikakuletea wewe, nikasema labda ukiisoma mwenyewe kwa sauti utasema."

Mwanakheir alicheka mpaka akafuta machozi kwa ncha ya mtandio. Akasema miaka ishirini na nne Mombasa hakuna aliyemchekesha hivi. Kisha akatulia. Akasema siku ile ya 1931 alikuwa akilia buibuini, na alipomwona nahodha amevaa kofia iliyomfika puani, akaacha kulia. Uso ulifichwa na kofia, hakujua ni nani, mpaka leo aliposikia tena ngazi inateleza. Sasa kajua.

Nikaivua kofia. Nondo mmoja akaruka.

Jumatatu, 12 Septemba

Anwarali kaniita ghalani. Nilijitayarisha kufukuzwa, nikavaa kanzu ya zamani. Hakunifukuza. Kakaa anaparuza meza kwa ukucha. Akasema mama yake aliwahi kutukamata, mimi na yeye, tumekizamisha chombo hiki hiki kwa kuchomoa kizibo, tuone samaki wataingia wangapi. Nakumbuka? Nakumbuka. Waliingia watatu. Akasema siku ile mama yake kawakaanga wale samaki, akatupa tule, kisha akatuchapa.

Akatoa kifurushi. Mkate wa ufuta. Kaununua njiani. Tukaula wawili, hatukutazamana.

Kisha akatoa hukumu. Matar ataunyoosha mtaimbo tena na kuagiza rafadha ya sawa. Mimi, kila baada ya kazi, nitaukwangua ubavu wa Kulsumbai na kuupaka rangi kwa mikono yangu, mpaka amalize kunikasirikia. Anakadiria Desemba. Na mashine? "Hata jina lake usilitaje."

Pyarali kambakiza Shaame kazini. Kasikia mambo yote, kacheka, kasema msimamizi anayeweza kuvuta motaboti kwa makasia hafukuzwi.

Alhamisi, 15 Septemba

Siku ya tatu ya kukwangua. Shaame analeta kahawa, tunakaa juu ya boriti, tunazungumza mambo ya zamani. Nimemuuliza ile homa ya 1931. Kasema ilikuwa malaria. Sikumwamini, hakunitaka nimwamini. Tukanywa kahawa.

Nimejifunza mengi wiki hii. Nimejifunza kusema kweli. Nimejifunza kungoja fundi. Nimemwambia Bi Khamisa hivyo, akasema ataamini akiona.

Halafu akasema jambo. Mwanakheir anatamani kwenda Uroa, kumzuru mlezi wake aliyemkuza, bado yuko hai. Hajui atakwendaje. Gari la abiria limejaa kuku na linaondoka alfajiri. Shaame kajitolea kumsindikiza kwa gari hilo hilo.

Kwa kuku! Mwanamke kama yule!

Nikafikiri. Pyarali anakwenda Pemba kesho kwa mambo ya karafuu, wiki nzima. Motokaa yake mpya, ya kijani, ataiacha ndani ya banda la gudi, hatua tano kutoka ninapokwangulia. Ufunguo anauning'iniza ukutani, msumari wa pili.

Leo alipokwenda ofisini nimeingia, nimekaa dakika moja. Viti vya ngozi. Mguuni kuna vikanyagio vitatu, na nadhani kimoja ni cha kusimamishia.

Sijapata kuendesha motokaa. Lakini njia ya Uroa naijua, imenyooka, na haina mawimbi. Nini kitaharibika?